Vipimo vya ateri kuziba mapema kwa wanaume: kipi kianze, kipi kisubiri, kipi kiachwe

Ateri za moyo hazianzi kuharibika siku mtu anapobanwa na kifua. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanajeshi 300 waliofia vitani Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, umri wa kukimbia na mzigo mgongoni, na bado asilimia 77 walikutwa na dalili za ugonjwa kwenye ateri za moyo. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 35 anayeuliza apime nini haulizi mapema mno hata kidogo.

Kinachomchanganya ni wingi wa vipimo. Maabara zina kolesteroli jumla, LDL (iitwayo kolesteroli mbaya), HDL (iitwayo nzuri), trigliseridi (mafuta mengine ya damu), ApoB (protini ya vibebeo vya mafuta), Lp(a) (kibebeo cha mafuta cha kurithi), sukari ya asubuhi, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi), insulini, asidi ya yuriki, homosisteini (asidi amino ya damuni), CRP (alama ya uvimbe mwilini), na juu ya hivyo kuna picha za CT na ultrasaundi. Hapa tunavilinganisha kwa maswali matatu: kinaona kasoro gani, kinadanganya lini, na je, jibu lake litabadilisha chochote utakachofanya? Swali la tatu ndilo linaloangusha vipimo vingi.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Anza na vipimo vinne: mafuta ya damu kamili, Lp(a) mara moja katika maisha, sukari, na mzunguko wa kiuno pamoja na presha. ApoB inafuata pale trigliseridi zinapokuwa juu au HDL chini. Vingine vingi vinaweza kusubiri, na viwili au vitatu viachwe kabisa.

Tukisema "mapema" tunamaanisha mwanaume aliyeugua moyo kabla ya kutimiza miaka 55, au mwanamke kabla ya 65. Baba, kaka, mama au dada yako akiwa kwenye kundi hilo, uzito wa kila namba iliyo hapa chini unaongezeka.

Kasoro ni tatu

Watu husema "ana mafuta mengi" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Wanaume wengi wanaopata mshtuko wa moyo wakiwa bado vijana hukutwa na moja kati ya kasoro tatu, au mbili kwa pamoja, mara nyingi sigara ikiwa imezidisha madhara. Kila kasoro ina alama zake.

| | Kolesteroli ya kurithi | Usugu wa insulini (mwili hauitikii insulini ipasavyo) | Lp(a) kubwa |
|---|---|---|---|
| Kilichoharibika | Ini haliondoi LDL damuni inavyotakiwa | Ini linamwaga trigliseridi kupita kiasi | Jeni la LPA linatengeneza kibebeo chenye mkia wa ziada wa protini |
| LDL | 190 mg/dL (4.9 mmol/L) au zaidi | Mara nyingi inaonekana ya kawaida | Ya kawaida au imepanda |
| Trigliseridi | Za kawaida | 150 mg/dL (1.7 mmol/L) au zaidi | Za kawaida |
| HDL | Ya kawaida | Chini ya 40 mg/dL (1.0 mmol/L) | Ya kawaida |
| Kiuno | Hata mwembamba huwa nayo | Kimepanuka | Hakihusiani |
| Inapoanza | Tumboni mwa mama | Ukubwani, uzito unapoongezeka | Utotoni |
| Kipimo kinachoibaini | LDL na historia ya ukoo | Non-HDL au ApoB, sukari, kiuno | Lp(a) peke yake |
| Inavyotibiwa | Statini na ezetimibe (dawa za kushusha kolesteroli), dawa za kuzuia PCSK9 (protini inayolizuia ini kuondoa LDL) | Kupunguza uzito, mazoezi, statini kwa mwenye hatari kubwa | Kushusha LDL na presha kwa nguvu zaidi, kuacha sigara |

Zote tatu zinafikia ukuta wa ateri kwa njia moja. Kibebeo cha mafuta, kile kinachosafirisha kolesteroli ndani ya damu, kinapenya ukutani, kinanasa humo, na mwili unaitikia kwa uvimbe unaojenga utando. Vibebeo vikiwa vingi, vinavyonasa ni vingi. Miaka nayo inahesabiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia Wamarekani weusi waliozaliwa na hitilafu inayozima jeni la PCSK9. LDL yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa ateri za moyo ulipungua kwa asilimia 88. Linganisha na statini: kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L (takriban 39 mg/dL) kwa miaka kama mitano, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa takriban asilimia 22. Dawa inayoanza ukubwani haipati nafasi ya miaka ambayo wale waliozaliwa na LDL ndogo waliipata. Hiyo ndiyo sababu ya kupima ukiwa na 35 badala ya 55.

LDL, non-HDL na ApoB

Hapa ndipo wanaume wengi hupoteana na majibu yao, kwa hiyo tukae kidogo.

LDL iliyoandikwa kwenye karatasi nyingi za maabara haikupimwa, imekokotolewa. Kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972 inachukua kolesteroli jumla, inatoa HDL, kisha inatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 5 (au kwa 2.2 kama kipimo ni mmol/L). Kanuni hiyo inakisia kolesteroli iliyomo kwenye vibebeo vya trigliseridi, na makisio yanaharibika kadiri trigliseridi zinavyopanda. Zikivuka 400 mg/dL (4.5 mmol/L) haifai kutumika kabisa. LDL ikiwa ndogo sana huku trigliseridi ziko juu, kosa hilo huifanya ionekane ndogo zaidi ya ilivyo, na mtu anaondoka akifurahia namba ambayo si yake.

Non-HDL ni kolesteroli jumla kutoa HDL. Basi. Haina makisio, haihitaji kulala njaa, haihitaji hela ya ziada, na inajumlisha kila kibebeo kinachoweza kuziba ateri. Kama maabara haikuiandika, itoe mwenyewe kwenye karatasi. Lengo lake huwa 30 mg/dL (0.8 mmol/L) juu ya lengo la LDL: aliyeambiwa LDL iwe chini ya 100, non-HDL yake iwe chini ya 130.

ApoB inakwenda hatua moja mbele. Kila kibebeo kinachoziba ateri, kiwe LDL, VLDL (kibebeo cha trigliseridi) au Lp(a), kina protini moja tu ya ApoB, kwa hiyo kuipima ni kuhesabu vibebeo vyenyewe badala ya mzigo uliomo ndani.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri ukiweka wanaume wawili wa mfano pamoja. Wa kwanza ana kolesteroli jumla 190, HDL 50 na trigliseridi 100. LDL yake ni 190 − 50 − 20, yaani 120 mg/dL. Wa pili ana kolesteroli jumla 198, HDL 34, trigliseridi 220. LDL yake ni 198 − 34 − 44, nayo ni 120. Ukiangalia mstari wa LDL peke yake, wako sawasawa. Non-HDL inawatenganisha: 140 kwa wa kwanza, 164 kwa wa pili. ApoB ikipimwa, si ajabu wa kwanza akawa na 92 mg/dL na wa pili 121.

Pengo hilo linatokana na kubadilishana mizigo. Trigliseridi zikijaa damuni, vibebeo vyake huipa LDL trigliseridi na kuchukua kolesteroli. Kimeng'enya cha ini kinaziyeyusha trigliseridi hizo, na LDL inabaki ndogo na nzito, imebeba kolesteroli kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo kupata kolesteroli ileile ya 120 lazima kuwe na vibebeo vingi zaidi, na ateri inaumizwa na vibebeo. HDL nayo inapitia mabadilishano hayohayo, inakuwa ndogo, inaondolewa haraka na figo, ndiyo maana inashuka.

Je, uichague ApoB? Kama trigliseridi ziko chini ya 150 na huna kitambi wala kisukari, non-HDL inakutosha. ApoB mara nyingi itarudia habari ileile. Kama trigliseridi ziko juu, HDL iko chini, sukari imeanza kupanda, au LDL inaonekana nzuri huku ukoo ukiwa na historia mbaya, ApoB inastahili gharama yake. Kuanzia 130 mg/dL ni alama ya hatari. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 inataka iwe chini ya 100 kwa mwenye hatari ya kati, chini ya 80 kwa mwenye hatari kubwa, na chini ya 65 kwa mwenye hatari kubwa sana.

ApoB nayo ina mahali inapopotosha. Wapo wachache waliorithi aina ya ApoE inayofanya mabaki ya vibebeo yajazane damuni. Kwao kolesteroli na trigliseridi hupanda pamoja hadi kukaribiana, huku ApoB ikionekana ya kawaida au ndogo, kwa sababu kila kibebeo kimebeba mzigo mkubwa kupindukia. Fungua viganja: mistari yake ikiwa na rangi ya njano ya kukolea, hiyo ni alama ya aina hiyo, na hapo non-HDL inasema ukweli kuliko ApoB.

Kuhusu kula kabla ya kipimo: kwa watu wengi si lazima kulala njaa. Baada ya mlo wa kawaida trigliseridi hupanda kwa wastani wa 26 mg/dL (0.3 mmol/L), na non-HDL na ApoB hazitikisiki kiasi cha kubadilisha uamuzi. Rudia ukiwa hujala kwa saa 9 hadi 12, maji yanaruhusiwa, pale trigliseridi zinapovuka 400. Zikifika 1,000 mg/dL (11.3 mmol/L), habari inabadilika. Hofu ya kwanza hapo ni kongosho kuvimba, na daktari aonwe siku hiyohiyo.

Mambo mengine yanayoharibu majibu ni haya. Pombe ya jana usiku hupandisha trigliseridi. Maambukizi makali, upasuaji au mshtuko wa moyo hushusha LDL kwa wiki kadhaa, kwa hiyo majibu mazuri yaliyotoka mtu akiwa amelazwa yasiaminiwe. Tezi ya shingo iliyolegea hupandisha LDL, na figo zinazovuja protini vilevile. TSH (kipimo cha tezi hiyo) na mkojo vipimwe kabla mtu hajaambiwa ana kolesteroli ya kurithi. Kaa chini dakika chache kabla ya kutolewa damu, na mpira wa kufunga mkono usikae zaidi ya dakika moja, maana damu iliyobanwa hukoleza kila namba. Trigliseridi za mtu yuleyule hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 20 bila sababu ya ugonjwa, kwa hiyo kipimo kimoja kisikutie hofu wala kukupa kiburi.

Na kwa wanaume wa mazoezi: dawa za kujenga misuli, hasa za kumeza, hushusha HDL vibaya na kupandisha LDL. Mwambie daktari ukweli. Bila hivyo utatibiwa ugonjwa wa kurithi usio nao.

Sukari: ya asubuhi, HbA1c, au ya kunywa glukosi?

Usugu wa insulini unakuja miaka mingi kabla ya kisukari, na ateri hazisubiri jina la kisukari liandikwe. Vipimo vitatu vinashindana.

Sukari ya asubuhi ni rahisi. Miongozo ya Marekani inaanza kuhesabu hatua ya kuelekea kisukari kwa 100 mg/dL (5.6 mmol/L), ya Shirika la Afya Duniani kwa 110 (6.1), na zote zinakubaliana kwamba 126 (7.0) ni kisukari. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye bomba la damu. Chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya bomba, na damu isiyotenganishwa inapoteza takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Bomba la kifuniko cha kijivu lenye floraidi linasaidia, lakini floraidi inachelewa kufanya kazi kwa saa ya kwanza au zaidi. Mwenye 104 anaweza kusomeka 96 kwa sababu sampuli ilikaa mezani. Uliza damu itatenganishwa baada ya muda gani. Ni swali halali.

HbA1c inasoma wastani wa takriban miezi mitatu, haitaki njaa, na haiyumbishwi na mlo wa jana. Kuanzia asilimia 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya kuelekea kisukari, 6.5 na kuendelea ni kisukari. Lakini inategemea chembe nyekundu kuishi muda wake wa kawaida. Mwenye ugonjwa wa selimundu, mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), aliyeongezewa damu karibuni au anayepoteza chembe nyekundu haraka atasomeka chini kuliko hali yake. Hata anayebeba jeni moja tu la selimundu bila kuumwa anaweza kusomeka chini kidogo. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaweza kuisukuma juu.

Kipimo cha kunywa glukosi ndicho kinachochosha, na ndicho kinachoona mapema zaidi, kwa sababu sukari ya baada ya mlo mara nyingi huharibika kabla ya ile ya asubuhi. Kula wanga wa kawaida kwa siku tatu, angalau gramu 150 kwa siku. Aliyekuwa amekata wanga anaweza kuonekana mgonjwa bila kuwa mgonjwa. Fika hujala tangu usiku, tolewa damu, kunywa gramu 75 za glukosi katika maji ndani ya dakika 5, kisha kaa bila kutembeatembea wala kuvuta sigara hadi saa 2 zitimie. Kati ya 140 na 199 mg/dL (7.8 hadi 11.0 mmol/L) mwili umeshaanza kushindwa, 200 (11.1) ni kisukari. Ukitapika, kipimo kimeharibika.

Uchaguzi wetu: HbA1c kwa mwenye damu isiyo na tatizo, sukari ya asubuhi iliyoshughulikiwa vizuri kwa mwenye tatizo la chembe nyekundu, na glukosi ya kunywa kwa mwenye kitambi na ukoo wa kisukari ambaye vipimo vingine vinasema yuko salama. Insulini ya asubuhi tunaiweka kando. Maabara mbalimbali hazilingani katika kuipima, haina mpaka mmoja uliokubalika, na kiuno kitakueleza karibu kila ambacho ingekueleza.

Kiuno kipimwe vizuri, maana utepe ukiteleza chini ya kitambi unapunguza sentimita nyingi. Tafuta ncha ya chini ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha utepe katikati ya hizo mbili, ulingane mbele na nyuma, pumua nje kawaida, soma. Kwa mwanaume mpaka wa Marekani ni zaidi ya 102 cm. Shirikisho la kimataifa la kisukari linatumia 94 cm kwa wanaume wa Ulaya na wa Afrika kusini ya Sahara, na 90 cm kwa wa Asia ya Kusini. Ukitaka kanuni isiyouliza asili ya mtu, kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Ugonjwa wa kimetaboliki unatajwa mtu akiwa na matatu kati ya haya matano: kiuno kikubwa, trigliseridi 150 au zaidi, HDL chini ya 40, presha 130/85 au zaidi, sukari ya asubuhi 100 au zaidi. Angalizo muhimu: wengi wenye asili ya Afrika wana usugu wa insulini huku trigliseridi zao zikiwa za kawaida. Kwao uwiano wa trigliseridi kwa HDL, unaosifiwa sana, unakosa wagonjwa wengi. Kiuno, presha na sukari ndivyo vipewe uzito.

Lp(a): mara moja inatosha

Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika zaidi, na kinachotuuma zaidi kinapokosekana. Mtu 1 kati ya 5 ana Lp(a) inayozidi 50 mg/dL au 125 nmol/L, kiwango ambacho hatari huanza kuhesabika. Ikivuka 180 mg/dL (430 nmol/L), hatari ya maisha yote inalingana na ya mwenye kolesteroli ya kurithi. Hakuna dalili, hakuna kitambi, na mafuta ya kawaida hayaionyeshi. Mwanaume mwembamba asiyevuta sigara anayepata mshtuko wa moyo akiwa na 42 mara nyingi hii haijawahi kupimwa kwake. Vilevile inachangia vali ya aota kukakamaa.

Kiwango chake kinaamuliwa karibu chote na jeni na hakibadiliki sana ukubwani, ndiyo maana mara moja inatosha. Ipime ukiwa mzima, kwa sababu uvimbe mkali mwilini na ugonjwa wa figo huipandisha. Angalia kipimo kilichoandikwa: mg/dL na nmol/L hazibadilishwi kwa kuzidisha namba moja, kwani ukubwa wa protini hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kama una uchaguzi, chukua nmol/L, inayohesabu vibebeo.

Statini haiishushi. Kuna anayeuliza: basi nipime ya nini? Kwa sababu inabadilisha lengo la mengine yote. Mwenye Lp(a) kubwa na LDL ya 130, ambaye angeambiwa "tutaangalia mwakani", anakuwa mtu wa kuanza kutibiwa. Na watoto na ndugu zake wanapata sababu ya kupimwa.

Vipimo ambavyo tungeviacha

Homosisteini ilipewa matumaini makubwa. Vitamini B huishusha kweli, lakini majaribio makubwa mawili yaliyochapishwa mwaka 2006, HOPE-2 na NORVIT, yalionyesha kuwa kuishusha hakukupunguza mshtuko wa moyo. Isipokuwa kijana aliyeganda damu bila sababu na lenzi ya jicho lake imehama mahali pake. Huyo anatafutiwa ugonjwa adimu wa kurithi, na kwake kipimo hiki ni cha lazima.

Asidi ya yuriki juu ya 7 mg/dL (takriban 420 µmol/L) hufuatana na usugu wa insulini. Ni habari ya kweli, ila jaribio la ALL-HEART la mwaka 2022 kwa wagonjwa wa moyo halikuona allopurinoli (dawa ya kushusha asidi hiyo) ikipunguza matukio. Itibu kwa ajili ya jongo ukiwa nalo.

HDL kubwa isikupe amani. Dawa ya torcetrapib iliipandisha sana, na jaribio lake likasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu vifo viliongezeka. HDL ndogo inafaa kama ishara ya usugu wa insulini. Kuipandisha kwa dawa hakujaokoa ateri.

CRP nyeti iko katikati. Kuanzia 2 mg/L, ikirudiwa baada ya wiki mbili, inaweza kumsukuma anayesitasita kuanza statini. Ikizidi 10 tafuta maambukizi au jeraha, kisha rudia baadaye.

Picha: CT ya kalisi au ultrasaundi ya shingo?

CT ya kalisi haihitaji dawa ya kudungwa na hutoa mionzi ya takriban milisiviti 1. Inahesabu kalisi iliyoganda kwenye ateri za moyo kwa alama za Agatston: 0 ni nzuri, 100 na zaidi ni sababu nzito ya kuanza statini. Tatizo kwa vijana ni kwamba utando laini hauna kalisi bado. Mwanaume wa miaka 36 mwenye alama 0 hajathibitishiwa chochote. Mwenye alama 15 katika umri huo amepewa onyo kubwa. Kwa hiyo inafaa zaidi kuanzia miaka 40, kwa anayebishana na nafsi yake kuhusu dawa. Usiirudie kuangalia kama dawa inafanya kazi: statini hukaza utando, na alama inaweza kupanda huku hatari ikishuka.

Ultrasaundi ya ateri za shingo haina mionzi na huona utando laini, lakini inategemea sana mkono wa mpimaji. Utando ukionekana, jibu hilo lina uzito. Unene wa ukuta wa ateri peke yake, ule unaoandikwa kwa sehemu za milimita, hautofautishi mtu na mtu vya kutosha.

Picha zote mbili si za mwenye kifua kinachobana sasa hivi, jasho jembamba au pumzi inayokata. Huyo anakwenda hospitali mara moja.

Ukijiona kwenye moja ya hali hizi

LDL yako ni 190 au zaidi: huhitaji ApoB wala CT ili uanze kutibiwa. Rudia kipimo, ondoa tezi na figo kwenye orodha, kisha tazama kano ya kisigino kama ina uvimbe mgumu, na jicho kama lina pete ya kijivu ukingoni kabla ya miaka 45. Ugonjwa huu uko kwa takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 310. Bila matibabu, karibu nusu ya wanaume wenye nao hupata tukio la moyo wakifika miaka 50.

Kitambi, trigliseridi juu, HDL chini: ApoB na kipimo cha sukari kinachokufaa. Huku ndiko mabadiliko ya maisha yanakolipa zaidi. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa wakielekea kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58, ikilinganishwa na asilimia 31 kwa waliopewa metfomini, dawa ya kisukari.

Ukoo una historia mbaya, karatasi yako nzuri: Lp(a) kwanza, kisha ApoB.

Uume umeanza kushindwa kusimama ukiwa na 40 na kitu: usinunue kidonge na kunyamaza. Ateri za huko ni nyembamba kuliko za moyo, na dalili hii inaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Fanya vipimo vyote vinne vya kuanzia.

Ukianza statini, rudia mafuta baada ya wiki 4 hadi 12, kwa maabara ileile na kipimo kilekile. Kuongeza dozi mara mbili hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, kwa hiyo aliye mbali na lengo anufaike na kuongezewa ezetimibe badala ya kusukuma dozi juu bila mwisho. LDL ikigoma kushuka ingawa dawa inamezwa kila siku, angalia Lp(a), maana kolesteroli yake inahesabiwa ndani ya LDL. Na kila mtoto wa mwenye kolesteroli ya kurithi ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuipata. Apimwe LDL kabla ya kutimiza miaka 10.